Gego lililotibiwa mzizi: kizibo, posti au kofia? Ulinganisho wa nguvu

Gego likishatibiwa mzizi maumivu huisha, na wengi huishia hapo. Dawa ya muda imewekwa, daktari amesema urudi baada ya wiki mbili, mtu anapanda gari kurudi Mpwapwa au Manyoni, na jino linatafuna karanga na mifupa ya nyama ya mnada wa Msalato, Dodoma, miezi sita mfululizo. Siku moja linapasuka katikati, kipande kimoja kinacheza na kingine hakichezi. Mzizi ulitibiwa vizuri, ila jengo la juu halikukamilishwa.

Jambo hili halihusu uzembe wa wagonjwa peke yake. Mwaka 1991 mtafiti Vire alichapisha uchunguzi wa meno 116 yaliyong'olewa baada ya kutibiwa mzizi. Karibu 6 kati ya kila 10 yaling'olewa kwa matatizo ya sehemu ya juu, yaani kizibo (kinachojaza tundu), kofia (gamba gumu linalovikwa jino lote) au kuvunjika. Yaliyong'olewa kwa sababu matibabu ya mzizi yenyewe yalishindwa hayakufika 1 kati ya 10. Kwa hiyo swali la nini kiwekwe juu lina uzito kuliko watu wanavyolichukulia.

Nguvu hupotelea wapi

Husemwa kwamba jino lililotolewa neva hukauka kama kuni likawa jepesi kuvunjika. Sedgley na Messer walilipima hilo mwaka 1992 kwa jozi 23 za meno: moja limetibiwa mzizi, pacha wake wa upande wa pili wa mdomo uleule likiwa bado hai. Uimara wa dentini (sehemu ngumu ya jino iliyo chini ya enameli, lile ganda la nje) ulikaribiana sana. Kinachodhoofisha jino ni kiasi kilichochimbwa, na hapo takwimu za Reeh na wenzake za mwaka 1989 bado zinafaa kukaa kichwani: tundu la kuingilia kwenye mzizi peke yake hupunguza ukakamavu wa gego dogo kwa takriban asilimia 5, shimo la kizibo la juu, asilimia 20, shimo linalokata kingo zote mbili, ya mbele na ya nyuma zinazogusana na meno jirani, asilimia 63.

Ukitazama tembe ya Kigogo, nyumba ya udongo yenye paa bapa, utaelewa. Kuta hazisimami kwa unene wake tu, zinashikwa na boriti zinazopita juu. Toboa tundu la moshi katikati ya paa, nyumba haitetereki. Kata boriti mbili za mwisho, kuta zinaanza kuachana kila mtu akipanda juu kuanika mtama. Kingo za jino ndizo boriti hizo. Zikikatwa, vilele vya gego (zile ncha tunazotafunia) hupanuka kidogo kila tonge, mpaka siku moja kimoja kinang'oka na kuteremka chini ya fizi.

Kuna jambo la pili. Jino lililotibiwa hupoteza sehemu ya hisia ya mgandamizo, kwa hiyo huuma kwa nguvu zaidi kabla ya ubongo kusema acha. Mfupa unaoukwepa kwa jino zima, kwa hili utaushindilia.

Hesabu kuta kabla ya kuhesabu pesa

Baada ya uozo wote kuondolewa, hesabu kuta zilizosalia: ya shavuni, ya ulimini, ya mbele, ya nyuma. Ukuta huhesabiwa kama una unene wa milimita 2 hivi na umesimama juu ya fizi. Ukuta mwembamba kama ganda la yai hauhesabiwi hata ukiwa mrefu. Daktari anaweza kukuonyesha kwa kioo, au apige picha kwa simu. Omba uione, ndiyo picha inayoamua kuliko ya eksirei.

| Hali ya jino | Chaguo la kwanza | La kuepuka |
|---|---|---|
| Gego, kuta 4, kingo zote zipo | Kizibo cha kompositi | Kofia kamili ya haraka |
| Gego, kingo 1 au 2 zimekwenda | Kufunika vilele, au kofia | Kizibo cha kawaida kati ya kuta |
| Gego, ukuta 1 tu | Kisiki bandia (kiini kinachojengwa ndani ya kofia), kofia, pengine posti (nguzo ndani ya mzizi) | Kofia bila noleo |
| Jino la mbele, tundu la nyuma tu | Kizibo cha kompositi | Posti, kofia |
| Jino la mbele, limekatika nusu | Posti ya nyuzi, kisiki, kofia | Posti ya skrubu |

Neno noleo limetoka kwenye kisu. Ni ile pete ya chuma inayobana mpini mahali shina la kisu linapoingia, ili mti usipasuke. Kwenye jino ni ukanda wa jino halisi unaokumbatiwa na ukingo wa chini wa kofia, nao tutaurudia, kwa sababu jedwali zima linasimama juu yake.

Kizibo dhidi ya kofia

Kompositi, kile kizibo cha rangi ya jino, hugandishwa kwenye jino na hivyo hushikilia kuta kwa kiasi. Hujazwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja ikimulikwa taa kwa sekunde 20 hivi, kwa sababu kompositi husinyaa asilimia 2 hadi 3 inapokauka; ukijaza shimo zima kwa mkupuo mmoja, ama itavuta kuta ama itaachana nazo chini usikokuona. Inahitaji ukavu. Bila pazia la mpira la kulitenga jino, mate na pumzi peke yake vinatosha kuharibu mshiko. Kwa wazaliwa wa Singida na maeneo mengine yenye floraidi nyingi kwenye maji, wenye meno ya kahawia, enameli ya juu hukataa asidi ya kuandaa mshiko. Sekunde 15 hadi 30 za kawaida hazitoshi. Huongezwa mpaka dakika 1 au zaidi, au tabaka la juu lisuguliwe kwanza. Daktari mgeni ukanda huu asipolijua hilo, kizibo hubanduka na lawama hutupiwa dawa.

Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, inavumilia unyevu na haisagiki upesi. Kasoro yake kwa jino hili ni kwamba haishiki kuta. Ikijazwa kati ya vilele viwili bila kuvifunika inakaa kama kabari kwenye gogo. Ikitumika, vilele vikatwe milimita 2 hadi 3 na amalgamu ipite juu yake. Kwa kuwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi zipunguze amalgamu kwa sababu ya zebaki, usishangae ukiikosa.

Katikati ya kizibo na kofia kuna kufunika vilele: vilele dhaifu hukatwa milimita 1.5 hadi 2, kisha kompositi au kauri hulazwa juu kama bati la paa, kuta za chini zikiachwa bila kuguswa. Tunaipenda njia hii kuliko inavyotumika. Inafanyika kwa kompositi siku moja bila maabara, na ikivunjika, kwa kawaida kinachovunjika ni paa.

Kofia kamili ndiyo yenye rekodi ndefu zaidi. Aquilino na Caplan, mwaka 2002, waliona kwamba meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvikwa kofia yalipotea kwa kasi mara 6 ya yaliyovikwa. Takwimu hiyo hunukuliwa sana na wanaouza kofia, kwa hiyo iongezewe jambo moja: kuandaa gego kwa kofia kamili huondoa kati ya theluthi mbili na robo tatu ya uzito wa sehemu ya juu ya jino. Jino lenye kuta 4 nzima likivikwa kofia limepunguzwa ili lilindwe, na hiyo ni biashara mbaya. Lenye kingo zilizokatika, lililo nyuma kwenye nguvu ya kutafuna, hilo linalipa gharama yake.

Kuhusu aina, kofia ya chuma kitupu huhitaji milimita 1 hadi 1.5 tu juu ya jino, haivunjiki, na kwa gego la mwisho hakuna anayeiona. Chuma kilichovikwa kauri kinataka karibu milimita 2 juu, na udhaifu wake ni kauri kumeguka ikabaki chuma. Zirkonia nzima, kauri ngumu nyeupe, ina uimara wa kukunjwa (nguvu inayostahimili kabla ya kuvunjika) wa megapaskali 1,000 hivi na hutosheka na milimita 1 hadi 1.5. Kauri ya lithiamu disiliketi ni megapaskali 400 hivi, inang'aa vizuri zaidi, na hugandishwa kwa saruji ya resini, yaani gundi ya jamii ya plastiki. Lakini namba hizo ni za kofia, na jino la chini yake halizirithi. Zirkonia ya megapaskali 1,000 juu ya jino lisilo na noleo hutoka nzima kabisa, ikiwa na kisiki cha jino kilichovunjika ndani yake.

Noleo

Ukingo wa kofia ukumbatie jino halisi, dentini, kwa kimo cha milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka pande zote, unene wake usipungue milimita 1. Kisiki bandia hakihesabiwi hata kiwe kigumu namna gani. Panapokosekana ukanda huo, kila unapouma kofia inajaribu kupinduka, na nguvu yote inahamia kwenye saruji na posti. Saruji huchoka taratibu. Mate yanapenya, uozo unaingia bila maumivu kwa kuwa neva haipo, na dalili ya kwanza huwa harufu au kofia iliyobaki kwenye kipande cha mua.

Noleo likiwa upande mmoja tu linasaidia kuliko kutokuwepo, hasa likiwa upande unaopokea msukumo. Kwa meno ya mbele ya juu ni upande wa ndani, wa kaakaa.

Jino likiwa limekatika sawasawa na fizi, kuna njia mbili za kulipata. Kupunguza fizi na mfupa kwa upasuaji mdogo: mwili unataka karibu milimita 3 kati ya mfupa na ukingo wa kofia, ukijumlisha na noleo unahitaji milimita 4.5 hadi 5 za jino juu ya mfupa. Au kulivuta jino kwa waya wa mpangilio wa meno kwa wiki kadhaa. Njia zote mbili hupunguza urefu wa mzizi ulioshikwa na mfupa, kwa hiyo mzizi mfupi haufai. Lipigiwe hesabu kabla ya kuanza kutibu mzizi. Hakuna kinachoudhi kama kulipia mizizi mitatu na kuambiwa jino halina pa kushikia kofia.

Posti: ya nyuzi, ya chuma, au isiwepo

Posti ni nguzo inayoingizwa kwenye mfereji wa mzizi. Husemwa inaimarisha jino, sivyo. Kazi yake ni kushika kisiki bandia pale ambapo juu hapana cha kukishika, na kila posti inagharimu dentini. Magego mengi hayaihitaji kabisa: chumba cha neva chenyewe ni shimo pana lenye kona, na kisiki cha kompositi kikiingia humo pamoja na milimita 2 hivi za mdomo wa mifereji kinashika. Ukiambiwa gego lenye kuta 3 linahitaji posti, uliza itashika nini.

Ikihitajika, linganisha kwanza namna zinavyoshindwa. Ukakamavu wa dentini, yaani ugumu wake wa kupinda, ni gigapaskali 18 hivi, posti ya nyuzi za kioo iko karibu na hapo, titani ni 110 hivi, chuma cha pua 200 hivi. Ya nyuzi hujikunja pamoja na jino. Ikizidiwa, kwa kawaida hubanduka au hukatika, na jino hutengenezwa tena. Ya chuma haijikunji, inakandamiza ncha yake kwenye mzizi kama mtaimbo, na ikizidiwa mzizi hupasuka kwa urefu. Hapo ni kung'oa. Posti ya skrubu, inayokazwa kwa kuzungushwa, inaukandamiza mzizi tangu siku ya kwanza. Bado inauzwa kwa kuwa ni rahisi. Ikatae.

Posti ya chuma ya kumiminwa, inayochongwa maabara kufuata umbo la mfereji, ina nafasi yake: mfereji mpana au wenye umbo la yai ambao posti ya duara ingeogelea kwenye saruji. Ubaya ni kwamba inachukua ziara mbili, na kati ya ziara hizo mfereji uko wazi chini ya dawa ya muda.

Kwa posti ya nyuzi, makosa yapo kwenye hatua ndogo. Gatapacha, ile nta ya mpira iliyojaza mfereji, huondolewa kwa chuma cha moto au kekee butu, ikiachwa milimita 4 hadi 5 kwenye ncha ya mzizi. Ikibaki milimita 2, muhuri umevunjika. Posti iwe na urefu usiopungua kimo cha kofia ndani ya mzizi, upana usizidi theluthi moja ya mzizi, dentini ibaki walau milimita 1 pande zote. Usipanue mfereji ili posti nene iingie. Tafuta posti nyembamba. Hipokloraiti, ndugu wa jiki wanayosafishia mfereji, isiwe maji ya mwisho kabla ya resini, kwa sababu oksijeni inayoacha huzuia resini kukauka. Suuza kwa maji, kausha kwa vijiti vya karatasi mpaka kimoja kitoke kikavu. Mabaki ya dawa yenye yujino (harufu ya karafuu) yakwanguliwe kwa sababu hiyohiyo. Saruji iwe ya kukauka kwa njia mbili, kwa taa na yenyewe, maana taa haifiki chini. Na posti ya nyuzi ikatwe kwa kekee ya almasi yenye maji. Ukiikata kwa koleo unazisaga nyuzi, nayo inaanza kuchanika kabla haijafanya kazi.

Meno ya mbele

Kwa jino la mbele lenye tundu la nyuma tu, jaza kompositi na uache. Hayo hayatafuni kwa kushindilia, na kofia isiyohitajika itachukua jino zuri. Likigeuka rangi kuwa kijivu, lipaushwe kutokea ndani kabla ya kufikiria kofia. Baada ya kupausha subiri wiki 1 hadi 2 ndipo ulijaze, kwa sababu oksijeni ileile hudhoofisha mshiko.

Kati ya mzizi na kofia

Dawa ya muda ya kawaida inahitaji unene wa karibu milimita 3.5 ili izibe, nayo ni ya wiki chache. Kama unatoka mbali, Kondoa au Kongwa, na hujui utarudi lini, omba kabla ya kuondoka kisiki cha kudumu cha kompositi kiwekwe siku hiyohiyo mzizi unapofungwa, vilele dhaifu vikipunguzwa milimita 2 ili visiumane. Jino likiwa hivyo linaweza kungoja kofia miezi kadhaa. Likiwa na dawa ya muda peke yake, lengo liwe wiki 2 hadi 4. Gatapacha iliyokaa wazi kwenye mate kwa miezi mitatu huchukuliwa kuwa imechafuka, na mzizi hutibiwa upya kabla ya kofia.

Kama maabara iko Dar es Salaam, uliza chapa ya jino inachukuliwa kwa kitu gani. Alijineti, unga wa chapa unaokorogwa kwa maji, ikikaa inapoteza maji na kusinyaa, na kiangazi cha Dodoma kinaharakisha hilo. Imiminwe plasta ndani ya robo saa hadi nusu saa, ikiwa imefunikwa kitambaa chenye unyevu. Kuifunga kwenye mfuko na kuipandisha basi au treni ni kuagiza kofia isiyokaa. Silikoni ya aina ya nyongeza inasafiri siku kadhaa bila kubadilika umbo, na ina thamani ya nyongeza ya bei. Bei yenyewe iulizwe kwa jumla: kisiki, posti, chapa, maabara, usafirishaji, na nani analipa kofia ikirudi haikai.

Siku ya kuivaa, kabla ya saruji, uzi upitishwe pande zote mbili: ukipita bila kukwama popote, nyama itakwama hapo kila siku, ukigoma kabisa, kofia haijakaa chini. Kisha karatasi ya rangi iumwe. Alama ya gego hilo isiwe nzito kuliko ya jirani, wala isitokee ukisogeza taya pembeni. Jino halitakuambia kwamba liko juu, kwa maana hisia yake imepungua. Litakuambia baada ya miezi kwa kupasuka.

Linapostahili kung'olewa

Jino lisilo na noleo wala njia ya kulipata, lenye ufa unaovuka sakafu ya chumba cha neva, au uozo ulioingia pale mizizi inapogawanyika, lisijengewe. Ufa wa mzizi haujionyeshi kwenye eksirei mapema. Hujulikana kwa kijiti cha kupimia fizi: kinazunguka jino kikisoma milimita 2, 3, 2, ghafla sehemu moja nyembamba kinazama 8 au 9, na pembeni yake kinazama tena 3 tu. Kipimo hicho kifanywe kabla ya chapa yoyote kuchukuliwa, nawe uambiwe namba.